Mavazi ya Kompyuta

Mtu akitaja uhakiki, fikira zetu hukimbilia mashairi, riwaya na tamthilia. Desturi hiyo ni njema, ila ni nyembamba. Chochote ambacho binadamu amekiunda kwa kuchagua hiki na kukataa kile chafaa kuhakikiwa: mlango wa nakshi wa Lamu, mkeka, leso, na hata ule uso unaoukabili wewe, msomaji, mara uwashapo kompyuta katika chumba cha tarakilishi. Uso ule haukuota wenyewe kama uyoga baada ya mvua. Yuko mtu aliyeamua rangi ya usuli wake, unene wa kingo za madirisha yake, umbo la kishale chake na ukubwa wa herufi zake. Jumla ya maamuzi hayo huitwa mandhari. Mimi napenda kuiita vazi, kwa sababu huweza kuvuliwa na jingine likavaliwa, huku mashine yenyewe ikibaki ile ile.

Yamkini utaniuliza: vazi la mashine lina uzito gani hata watu waketi kulijadili? Lina uzito wa namna mbili. Kwanza, macho ya vijana wa leo hukaa juu ya vazi hilo saa nyingi kuliko yanavyokaa juu ya ukurasa wa kitabu, na mwenye macho dhaifu huruhusiwa kusoma, au hukatazwa, na rangi zilizochaguliwa na mtu asiyemjua wala asiyepata kumwona. Pili, liko swali la milki. Kompyuta uitumiayo, je, ni nyumba yako, au ni nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe amekukataza kupigilia hata msumari mmoja ukutani? Watu wamegombana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na ugomvi wao haujesha.

Mhakiki hana budi kuwa na kipimo, na kipimo changu nimekitoa karibu. Leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa kati, na jina huandikwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Fundi hodari hulipa pindo nguvu ya kuushika mji bila ya kuumeza, na jina hulipa nafasi safi ili mpita njia alisome hata kama mvaaji anatembea. Sasa litazame dirisha la kompyuta. Lina pindo, yaani ukingo wake. Lina jina, ambalo aghalabu huandikwa juu. Na lina mji, ambamo barua yako, hesabu zako au picha yako huishi. Kwa hiyo vazi la kompyuta nitalipima kwa maswali matatu. Je, pindo limekula mji? Je, jina lasomeka? Je, mji umeachwa huru kwa kazi ya mwenyewe? Uzuri wa rangi nitausema pia, lakini baada ya hayo.

Fikira ya kuufananisha uso wa kompyuta na meza ya ofisi, yenye karatasi na majalada, ililetwa sokoni na kampuni ya Xerox mwaka 1981 katika mashine iliyoitwa Star. Ilikuwa ghali mno, na watu wachache tu waliigusa. Watu wengi zaidi walikutana na meza hiyo Januari 1984, kampuni ya Apple ilipotoa Macintosh. Kiwambo chake kilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa urefu, na kila nukta iliweza kuwa nyeusi au nyeupe. Hapakuwa na kijivu, seuze nyekundu.

Picha ndogo za mashine hiyo zilichorwa na Susan Kare, bibi aliyesomea sanaa wala si uhandisi. Alichora kwenye karatasi ya miraba, namna ile ile ya daftari lako la hesabu, akitia wino mraba mmoja mmoja. Picha zake nyingi zilipewa miraba 32 kwa 32, jumla yake 1,024, na katika nafasi finyu namna hiyo alitoa ndoo ya rangi, saa ya mkono, bomu, na uso wa mashine wenye tabasamu. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita atamwelewa upesi. Hakuna mahali pa nukta ya kupotea. Kila moja hubeba sehemu ya maana, na ikiondolewa picha hulegea. Namsifu Kare hasa kwa kitu alichokiacha: hakujaribu kuchora saa kamili yenye kung'aa, bali alichora kiasi cha saa kinachotosha mtu kusema, "Hii ni saa, nami naambiwa ningoje."

Lakini lililo kubwa kwetu ni jambo jingine katika mashine hiyo hiyo, nalo watu hulipita bila kulitazama. Mtumiaji alipewa kiraka cha miraba 8 kwa 8. Alipobofya mraba, ulikuwa mweusi. Alipobofya tena, ulirudi mweupe. Kiraka hicho kilirudiwa kutoka kona hadi kona, kikawa usuli wa meza yote. Hili lilikuwa vazi ambalo mtu asiyejua lugha yoyote ya kompyuta aliweza kulishona mwenyewe, kwa kidole chake, katika muda wa kunywa chai. Nawe usidhani kwamba miraba 64 ni umaskini. Kwa kuwa kila mmoja una hali mbili, idadi ya viraka viwezekanavyo ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Watu wote wa dunia wakichora usiku na mchana, hawatavimaliza.

Sehemu kubwa ya viraka hivyo, hata hivyo, ni mibaya. Chukua karatasi ya miraba ujaribu. Ukipanga nyeusi na nyeupe kwa zamu, kama ubao wa dama, macho yatazichanganya na kukupa kijivu tulivu, na hicho ndicho kijivu kilichoutandika uso wa Macintosh yenyewe. Ukitia mistari minene ya mshazari, meza itaonekana ikikimbia, na karatasi zilizo juu yake zitaonekana zikiteleza. Ukichora ua moja kubwa, litarudiwa mara maelfu hata uchoke nalo. Somo la kwanza la fundi wa mavazi ya kompyuta limo katika kiraka hiki: kitu kidogo kikirudiwa hugeuka kuwa kitu kingine, na sharti kihukumiwe kwa huko kurudiwa kwake.

Tuvuke miaka minane. Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 3.1, na ndani yake mlikuwa na orodha ya mipango ya rangi iliyotiwa majina. Mtu aliweza kuchagua mmoja, au kutengeneza wake na kuuhifadhi kwa jina alitakalo. Katika orodha hiyo ulikuwamo mpango mmoja ulioitwa Hot Dog Stand, maana yake kibanda cha kuuzia soseji. Meza yake ilikuwa ya manjano kali, madirisha yake mekundu kabisa, maandishi ndani ya madirisha meupe, na ubao wa jina mweusi. Umekuwa mithali ya ubaya. Hata leo, watu wanaoandika habari za rangi za kompyuta wakitaka kucheka kidogo huutaja huo.

Mimi sikubali kucheka upesi. Haki ya mtuhumiwa ni kusikizwa. Mpango huu una sifa moja ambayo mipango mingi ya adabu haina: unajua unachotaka kuwa. Jina limesema kibanda cha soseji, nawe unakiona kibanda chenyewe, haradali na nyanya na kelele za wateja. Kosa lake si uongo. Kosa lake ni mahali. Kibanda cha barabarani kinataka kumvuta mtu aliye mbali, anayepita, kwa muda wa dakika moja. Meza ya kazi inakaliwa na mtu aliye karibu, aliyekwisha kufika, kwa muda wa saa nane. Rangi iliyo heri kwa wa kwanza ni adhabu kwa wa pili. Ukiupima kwa leso, utaona kwamba mji wenyewe ndio uliopakwa nyekundu. Hapo pindo halikuula mji. Mji umejila wenyewe. Tutarudi kwa kibanda hiki, maana kina ushahidi wa kutoa katika kesi nyingine.

Mavazi yaliyofuata mwaka 1995, yaliyouzwa na Microsoft katika sanduku la ziada la Windows 95 liitwalo Plus!, sitayakalia sana. Yalikuwa na majina kama Leonardo da Vinci na Dangerous Creatures, yaani viumbe vya hatari, na kila moja lilibadili usuli, picha ndogo, kishale na hata sauti zilizolia mtu alipofungua au kufunga kitu. Ustadi ulikuwamo. Lakini vazi ambalo kila kishikizo chake chapiga kelele ya habari moja humchosha mtu kama mgeni anayesimulia kisa kimoja tangu uji wa asubuhi hadi chakula cha usiku.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na vazi lake, lililoitwa Luna, huenda ni miongoni mwa mavazi ya kompyuta yaliyotazamwa na watu wengi kupita yote. Kabla yake, mipango ya rangi ilibadili rangi tu, na maumbo yakabaki yale yale ya miraba ya kijivu. Luna ilibadili maumbo yenyewe: kona zikawa mviringo, vitufe vikavimba kama maandazi, ubao wa chini ukawa wa samawati nzito, kitufe cha kuanzia kikawa kijani, na kile cha kufungia dirisha kikawa chekundu. Mtumiaji aliruhusiwa kuchagua kati ya samawati, kijani cha zeituni na fedha. Nyuma ya hayo yote ilitandikwa picha iitwayo Bliss, maana yake raha kuu: kilima kijani na mbingu yenye mawingu mepesi.

Picha hii haikuchorwa na kompyuta, ingawa watu wengi walidhani hivyo. Ilipigwa na Charles O'Rear, mpiga picha aliyepata kulifanyia kazi gazeti la National Geographic, mnamo Januari 1996 katika wilaya ya Sonoma, jimbo la California nchini Marekani. Sonoma ni nchi ya mizabibu, lakini kilima kile siku ile kilikuwa nyasi tupu, zilizoshiba mvua. Alitumia kamera ya filamu, naye amesema kwamba hakuigeuza picha kwa hila yoyote. Kwa nini ilifaa kiasi hicho? Jibu langu ni kwamba ni picha yenye nafasi. Haina mtu, haina nyumba, haina mti mkubwa wa kuyakamata macho. Ina maeneo mawili mapana, moja juu na moja chini, na mstari mlaini kati yao. Picha ndogo za kazi yako zikikaa juu yake hazigombani na chochote. Mwanafunzi wa Limuru aweza kuidhani ni kilima cha kwao, na wa Ireland vile vile, kwa kuwa haikutaja jina la mahali.

Linganisha na usuli ambao vijana wengi hujichagulia. Katika chuo chetu cha ualimu nimeona mara nyingi picha ya mchezaji mpira akiruka, umati wa watu nyuma yake, mabango yenye maandishi, na juu ya hayo yote majina ya faili yameandikwa kwa herufi nyeupe ndogo ambazo mwenyewe huzitafuta kwa kukunja uso. Simlaumu mchezaji, wala anayempenda. Nasema tu kwamba picha ile ilipigwa iwe mji, nao wameitumia kama sakafu.

Na Luna yenyewe? Hapa sifa zangu zinapungua. Ubao ule wa samawati umeiga mbingu ya picha, na kitufe cha kijani kimeiga kilima, wazo zuri. Bali mwigo ule una sauti kubwa kuliko kile kinachoigwa. Fungua dirisha lolote, na pindo lake nene la samawati litakuita wewe kabla ya barua iliyomo. Ukifungua madirisha matano, una pindo tano zinazoshindana, na mji umebaki kijumba cha uani.

Liko tena jambo zito kuliko rangi. Luna ilitengenezwa kwa namna ambayo mashine ilikubali tu mavazi yaliyotiwa muhuri wa Microsoft yenyewe. Mtu aliyejua kuchora aliweza kuchora vazi zima, kila kitufe na kila ukingo, kisha mashine yake ikakataa kulivaa. Watu wakatafuta njia ya mlango wa nyuma: walibadili faili moja ya mfumo iitwayo uxtheme.dll ili muhuri usiulizwe tena. Kwa njia hiyo maelfu ya vijana walijifunza kushona mavazi. Wewe, msomaji, usiige njia hiyo katika mashine ya shule. Faili ya mfumo iliyotoka kwa mtu usiyemjua yaweza kuficha virusi. Lakini tafakari kwa nini watu waaminifu walisukumwa kupita dirishani. Mwaka 1984 mashine ilimkabidhi mwenyewe kiraka na kusema, "Chora." Mwaka 2001 ilimpa rangi tatu na kusema, "Chagua." Maneno haya mawili hayako katika daraja moja.

Oktoba 2004 lilitokea vazi ambalo nalipenda kuliko wahakiki wengi wanavyolipenda. Mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa bure, ulikuja ukiwa umevaa kahawia. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, na Mswahili hahitaji mkalimani: ni utu. Vazi lenyewe liliitwa Human, yaani la kibinadamu. Wakati ambapo kampuni kubwa zote zilishindana kwa samawati, rangi ya kioo na chuma, hawa walichagua rangi ya udongo, ya ngozi, ya mti na ya ngozi ya ng'ombe. Watu wengi waliicheka. Walisema inafanana na matope.

Nami nasema, matope yana nini? Rangi ya udongo haijivuni. Ukiweka juu yake karatasi nyeupe ya barua, karatasi hiyo hung'aa, na macho huenda moja kwa moja palipo na kazi. Kwa kipimo cha leso, pindo lilishika na mji ukatawala. Kasoro yake nitaitaja pia: kahawia ile ilikaribiana mno na rangi ya chungwa iliyotumiwa kuonyesha kitu kilichochaguliwa, hata ukosefu wa tofauti ukaufanya uso mzima uonekane kama picha ya kale iliyopauka. Aprili 2010 kahawia iliondolewa. Mahali pake pakaja vazi jeusi lenye zambarau ya biringanya na chungwa, na vitufe vya dirisha, ambavyo watumiaji wake walivizoea upande wa kulia, vikahamishwa kushoto. Kelele iliyozuka juu ya vitufe hivyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya rangi, na ilikuwa ya haki. Rangi mpya hujifunzwa na macho kwa siku mbili. Bali mkono uliozoea kufunga mlango upande mmoja utapapasa ukuta kwa miezi.

Sasa tufike kwenye kazi inayosifiwa kuliko zote kwa elimu yake. Mwaka 2011 Ethan Schoonover alitoa mpango wa rangi uitwao Solarized, uliokusudiwa hasa watu wanaoandika programu. Una rangi 16: nane za usuli na maandishi, na nane za kutilia mkazo. Hakuzichagua kwa kubahatisha. Alizipanga kwa vipimo vya mwangaza kama unavyoonwa na jicho la binadamu, ili mpango huo uweze kupinduliwa, mchana ukawa usiku na usiku ukawa mchana, nao uwiano wa rangi ukabaki. Ni usanifu wa mtu aliyefikiri sana, na mtu akiutazama mara ya kwanza huhisi kama ameingia katika chumba chenye pazia.

Lakini kuna kipimo kingine ambacho sharti tukilete mezani. Wataalamu wanaoandika kanuni za intaneti wamekubaliana kupima tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na usuli wake. Rangi mbili zilizo sawa kabisa zina uwiano wa 1 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ina 21 kwa 1, na huo ndio mwisho. Kwa maandishi ya kawaida kanuni inataka yasipungue 4.5 kwa 1, ili mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu aweze kusoma. Tazama sasa Solarized ya mchana: maandishi yake ya kawaida juu ya usuli wake wa rangi ya malai hutoa 4.13 tu. Ya usiku hutoa 4.75, hupita kwa unywele. Na yale maandishi hafifu ambayo mwandishi wa programu huyatumia kuandika maelezo yake hutoa, katika usiku huo, 2.79.

Ndipo ninapomwita tena shahidi wangu kutoka kibandani. Nyeupe juu ya nyekundu kamili, yaani maandishi ndani ya madirisha ya Hot Dog Stand, hutoa 4.0 kwa 1. Angalia basi, msomaji! Vazi linalochekwa na dunia nzima na vazi linalosifiwa na wasomi wake yanakaribiana sana katika kipimo hiki kimoja, na yote mawili hayakutimiza kanuni. Moja limeanguka likipiga kelele, jingine limeanguka likinong'ona. Sisemi kwamba ni sawa. Kipimo cha mwangaza hakihesabu ukali wa rangi, na ukali ule wa nyekundu huyachosha macho kwa njia ambayo namba hiyo haiioni. Nasema kwamba upole wa Solarized ni upole kwa wenye macho mazima. Mwalimu mzee anayesogeza kiti chake karibu na kiwambo hataona pazia; ataona ukungu.

Huenda sasa ukauliza ni nani basi mwenye haki ya kulivisha dirisha. Mwaka 2019 baadhi ya watengenezaji wa programu katika jumuiya ya GNOME waliandika barua ya wazi wakiomba kwamba wagawaji wa mifumo waache kuzivisha programu zao mavazi yasiyo yao. Hoja yao ilikuwa na uzito. Programu hushonwa na kujaribiwa ikiwa na vazi fulani. Mtu mwingine akiibadilisha rangi na picha ndogo bila kuijaribu, maandishi hupotea juu ya usuli wa rangi yake yenyewe, kitufe hupata picha isiyolingana na kazi yake, na mtumiaji aliyeudhika humlaumu mtengenezaji asiye na hatia. Waliongeza kwamba hawamkatazi mtu binafsi kuichezea mashine yake mwenyewe, ila ajue kwamba yu peke yake.

Wengine waliwajibu kwa hasira kwamba uhuru wa kuvisha ndio uliowaleta katika mifumo hiyo tangu mwanzo. Mimi naona watengenezaji walikuwa na haki katika neno na wamepungukiwa katika tendo. Ni kweli kwamba anayewavisha maelfu ya watu hana ruhusa ya kukisia. Lakini programu zilizokuja baadaye, kuanzia mwaka 2022, zilifumwa kwa namna inayomzuia pia yule mtu binafsi waliyesema hawamzuii. Apendaye kubadili zaidi ya rangi chache hana budi kutumia hila. Mifumo mingine, kama KDE na Xfce, bado humwachia mwenyewe sindano na uzi. Xfce ni nyepesi, nayo huweza kuendesha kompyuta kuukuu ambayo shule nyingine imekwisha kuifungia stoo.

Limebaki vazi moja ambalo wahakiki hawalitaji kwa sababu hawaoni kwamba ni sanaa. Ukiketi mbele ya kompyuta yenye Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Alt na Shift vya upande wa kushoto, pamoja na kile cha Print Screen. Mashine itakuuliza kama unakubali. Ukikubali, aghalabu uso utageuka mweusi, maandishi yatakuwa meupe au ya rangi kali, kingo zitakuwa mistari mitupu, na picha ya usuli itatoweka. Hili limeshonwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, na kwa macho mazima lina ukavu kama wa ubao wa darasa. Lipime kwa maswali matatu ya leso, moja baada ya moja, huku Solarized ikiwa kwenye mashine ya jirani yako, uandike unachokiona. Kisha bonyeza vitufe vile vile mara ya pili, na uso wa kwanza utarudi.